Umeshapunguza vitu, mbona vinarudi? Maswali na majibu

Wengi walioniandikia safari hii wameshafanya ile kazi ngumu: wametoa, wamegawa, wameuza. Kilio chao ni kimoja, kwamba baada ya muda mfupi nyumba imejaa tena.

Nilisafisha stoo mwezi wa kwanza, nikatoa vitu tele. Sasa hata mlango haufunguki vizuri. Nakosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Tabata)

Mama, kabla hujaanza kupanga upya, ingia uangalie kilichorudi ni nini. Nina hakika vile vya zamani ulivyotoa humo hutavikuta. Utakuta vipya: boksi la feni, ndoo ya rangi iliyobaki robo, godoro la mgeni aliyeshaondoka, sare ya harusi iliyovaliwa mara moja. Kitu kikiingia nyumbani bila kujulikana kitakaa wapi, kinapelekwa stoo "kwa muda", na huo muda hauishi.

Kwa hiyo amua mapema, kitu kikiwa bado sebuleni. Boksi la feni litunze mpaka dhamana iishe, risiti iwe humo ndani, na tarehe ya mwisho uiandike juu kwa kalamu ya wino mzito. Ikipita, boksi linatoka. Rangi iliyobaki ipakwe ukutani wiki hiyo hiyo au apewe fundi aondoke nayo. Sare ya harusi kama huivai tena, yuko ndugu atakayeishona gauni la mtoto.

Jambo la pili ni makubaliano. Wanaofanya kazi hospitalini wananielewa: mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi uitwao S tano, ambao baadaye ulienea kwenye hospitali nyingi nchini. Sasambua (toa usivyohitaji), seti (kila kitu kiwe mahali pake), safisha, sanifisha, shikilia. Majumbani tunasasambua kwa nguvu zote, tunaseti, tunasafisha, halafu tunaishia hapo. Kusanifisha maana yake kila anayeingia stoo ajue kitu kinakaa wapi bila kukuuliza. Bandika karatasi kwenye kila rafu: vifaa vya fundi, matandiko, vya shule. Stoo hiyo mnaitumia nyumba nzima, na mpangilio wake unaujua wewe peke yako.

Makopo na vyombo vya plastiki vimenishinda. Vingine ni vizuri, nashindwa kutupa. (Morogoro)

Sikwambii utupe vizuri, dada yangu. Kopo lenye mfuniko unaobana linahifadhi dagaa, karanga na viungo, na dukani kopo kama hilo unalinunua. Toa vyote uviweke mezani, kila chombo ukipe mfuniko wake. Kisicho na mfuniko kitoke leo, na mfuniko usio na chombo utoke nao. Vitakavyobaki vipe rafu moja tu. Ikijaa, mpelekee jirani mboga ndani ya kopo moja, na kopo usilidai.

Mifuko nayo ina kesi yake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, tumekuwa tukirudi na mfuko mbadala mpya kila tukienda sokoni, na droo zimejaa. Weka miwili kwenye mkoba unaotoka nao kila siku. Iliyobaki, kama ni safi, mpelekee mama wa genge. Yeye anafungia watu mahitaji kutwa nzima.

Ila kwenye maboksi sina huruma. Jikoni yasilale hata usiku mmoja. Wale mende wadogo wa kahawia hupenda kujificha kwenye mikunjo ya kadibodi, na kifuko kimoja cha mayai yao huweza kubeba mayai 30 hadi 40. Hamishia vitu kwenye chombo chenye mfuniko, boksi litoke nje.

Napanga jikoni vizuri, dada wa kazi anahamisha kila kitu. Nimeshasema mpaka nimechoka. (Mbezi)

Umeshamuuliza kwa nini anahamisha? Yeye ndiye anayepika humo tangu asubuhi. Umeweka sufuria kubwa rafu ya juu kwa sababu panapendeza, naye kila siku analazimika kupanda stuli kuifikia. Lazima ataiweka chini ya sinki. Umeficha chumvi na mwiko kabatini, mkono wake unavihitaji pembeni ya jiko. Kaeni naye nusu saa, mpange pamoja kwa kufuata anavyofanya kazi: cha kila siku kiwe usawa wa mkono, cha wageni na sikukuu kiende juu. Mkipanga hivyo, hatakuwa na sababu ya kuhamisha. Na umsikilize kweli, maana ile jikoni anaijua kukuzidi.

Naishi chumba kimoja. Kiti changu hakikaliki kwa nguo. (Kijana, Mwanza)

Mdogo wangu, hizo ni nguo ulizovaa mara moja, si chafu za kufua wala si safi za kurudisha kabatini. Hazina pa kwenda. Weka ndoano nne nyuma ya mlango. Mwenye nyumba akikataza misumari, ziko za kubandika. Zikijaa zote, siku hiyo unafua.

Mume wangu hataki kuachana na redio mbovu, chaja na nyaya za tangu tunaoana. Nizitoe akiwa safarini? (Tanga)

Hapana, mama. Akigundua, hatakuamini tena na kila utakachotoa kitakuwa ugomvi, hata kama ni gazeti la jana. Mpe kreti moja na mahali pake, umwambie wazi kwamba humo hutagusa na yeye asivuke hapo. Nyaya azichague mwenyewe, ajaribishe moja moja, maana zinazofanya kazi zipo. Redio mwombe aipeleke kwa fundi kabla mwezi haujaisha. Ikitengenezeka, iwekwe sebuleni isikilizwe. Ikishindikana, amwachie fundi achukue vipuri.