"Unyanyasaji wa meneja": nani anamnyanyasa nani?

Swali: Mimi ni meneja wa kitengo chenye watu tisa. Kwa miezi kadhaa wananisusia vikao, wananificha taarifa za kazi na kunikejeli mbele ya wateja. Niliandika barua yenye kichwa "Malalamiko kuhusu unyanyasaji wa meneja". Nikaitwa nijitetee, kana kwamba mnyanyasaji ni mimi! Mwenzangu naye anasema mkubwa hanyanyaswi na wadogo, nilipaswa kuandika "utovu wa nidhamu". Je, nimekosea?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Sarufi hukuikosea, ila kile kichwa ndicho kilichokuponza. Neno "wa" halisemi nani katenda na nani katendwa. Tukisikia "mauaji ya mlinzi", tunaelewa mlinzi kauawa. Tukisikia "uonevu wa tajiri", tunaelewa tajiri ndiye anayeonea. Muundo ni uleule. Kinachoamua ni mazoea yetu ya kudhani nani mwenye nguvu. Kwa hiyo unyanyasaji na meneja wakikaa pamoja, msomaji humkabidhi meneja fimbo kabla hajafika aya ya pili.

Kitenzi hakina utata huo. "Wananinyanyasa": wa- ni wao, -ni- ni wewe, basi. Ukihitaji nomino, andika "unyanyasaji ninaofanyiwa na wafanyakazi wangu".

Kuhusu mwenzako, sikubaliani naye hata kidogo. Kunyanyasa ni kumsumbua mtu na kumdhalilisha. Ndani ya neno hilo hamna sharti la cheo. Labda anachanganya na "kuonea", ambalo kweli hutujia na picha ya mwenye nguvu na mnyonge. Lakini hata hapo, nguvu si cheo peke yake. Watu tisa walioshikamana dhidi ya mmoja wana nguvu, na anayeshikilia taarifa unayoihitaji ana nguvu juu yako. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja pia wanaotekeleza mamlaka ya mwajiri miongoni mwa wanaolindwa.

"Utovu wa nidhamu" ni jambo jingine. Anayechelewa kazini kila siku ni mtovu wa nidhamu, na huenda hajamgusa mtu. Ukilitumia hilo peke yake, kinachobaki ni kanuni iliyovunjwa. Wewe uliyeumizwa unatoweka kwenye sentensi.

Ndani ya barua, taja matendo kwa vitenzi vyake: wamesusia kikao, wamenificha taarifa, wamenikejeli. Wakiharibu kazi makusudi ili lawama zikuangukie, hapo sema wamehujumu. "Wanapika majungu" liache, maana linashutumu bila kuonyesha kitu. Na aliyekupinga kikaoni kwa hoja usimtie humo, huyo amekukosoa.

Kichwa kipya kiwe hivi: "Malalamiko ya kunyanyaswa na wafanyakazi wa kitengo changu". Hiyo -w- ya "kunyanyaswa" na "na" inayofuata zinatosha kuonyesha nani katendwa na nani katenda.