Rangi inatua kama vumbi? Usitupe brashi ya hewa bado

Ndugu yangu wa Kirumba, Mwanza, nimekuelewa: kimodeli cha ndege cha plastiki, brashi ya hewa mpya (kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa), kompresa ya kuazima gereji, na rangi inatua kavu kama vumbi. Mimi nilianza hivyohivyo na kimodeli changu cha meli, nikaharibu ubavu mzima.

Rangi yako ni nzito. Izimue hadi iwe kama maziwa freshi, si mgando, kwa kizimuo chake chenyewe. Tina ya magari inaweza kuyeyusha plastiki. Presha ishushe hadi paundi 15 au 20 (psi) kwenye geji. Sogea karibu, sentimita 5 hadi 10, na achia hewa kwanza, rangi ifuate. Jizoeze kwenye chupa tupu ya maji.

Huku ziwani hewa ina unyevu, masika ndiyo balaa. Funga kichujio cha maji kwenye mpira wa kompresa, la sivyo itakutemea matone.

Ukimaliza safisha papo hapo. Nililala bila kusafisha siku moja tu, sindano ya brashi ikagandia ndani!

Halafu usipulizie chumba unacholala. Kaa barazani, mbali na jiko la mkaa, uvae barakoa yenye vichujio vya kemikali; ya kitambaa haizuii mvuke. Kama una pumu, muone daktari kabla hujaanza.