Usisubiri Julai 25 Kumuuliza Mzee Wako

Kwa miaka mingi niliikumbuka Siku ya Mashujaa kwa namna moja tu. Julai 25 asubuhi nawasha televisheni, namwona Rais akiweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi akiweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, Meya upinde na mishale, na mzee wa askari wastaafu akiweka shoka. Tarumbeta inalia, watu wanasimama kimya. Nazima televisheni, naenda kazini nikiamini nimeshawakumbuka.

Wakati huo bibi yangu mzaa baba alikuwa bado hai kule Iringa vijijini, na kwenye kenchi ya nyumba yake ilining'inia baiskeli ambayo sisi wajukuu tulikatazwa hata kuigusa. Tulijua ni ya baba mdogo aliyekwenda vitani na hakurudi. Basi, tuliishia hapo. Bibi alifariki mwaka 2009 na mimi sikuwahi kumuuliza swali hata moja kuhusu mwanawe huyo. Ninaandika haya ili wewe usije ukabaki kama nilivyobaki mimi.

Piga hesabu kidogo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati Vita vya Kagera, kati yetu na Uganda, vinaanza, leo anakaribia 70. Waliowalea vijana wale wengi wameshatutoka. Kama kwenu yupo mama, kaka au mjane wa aliyeanguka, nenda ukae naye mwezi huu huu.

Na ukienda, usianze na vita. Baba yangu nilimuuliza mara mbili, "Baba mdogo alifia wapi?" Mara zote mbili alinyanyuka akaenda kutazama ng'ombe. Mara ya tatu nikamuuliza baiskeli ilinunuliwa na nani. Akacheka, akazungumza mpaka usiku. Ilinunuliwa kwa fedha za pareto. Mdogo wake alikuwa mgambo, akaitwa mwishoni mwa 1978, na siku ya kuondoka neno lake la mwisho kwa mama yake lilikuwa, "Mama, isipate kutu." Ndipo nikaelewa kwa nini bibi alikuwa akiipaka mafuta mnyororo. Na mafuta yenyewe ya miaka ile! Mwalimu Nyerere alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18, sabuni na sukari zikawa za kupanga foleni, naye bibi anaweka akiba ya mafuta kwa ajili ya baiskeli isiyo na mpandaji.

Historia yenyewe wengi tunaijua. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakatwaa eneo lote mpaka Mto Kagera na kutangaza kuwa ni lao. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu akawaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Lakini mtoto wako ukimpa tarehe peke yake atazisahau akishafanya mtihani. Mpe na ile baiskeli.

Jambo la pili: kama kaburi lipo, lifuate. Zaidi ya askari 600 wa vita vile wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Kwetu ni safari ya siku mbili kwa basi, ndiyo maana bibi hakufika. Makaburi yako katika eneo la jeshi, kwa hiyo omba ruhusa mapema, beba kitambulisho, na usitoe simu kupiga picha kabla hujaambiwa unaweza. Mimi nilipokelewa kwa heshima kubwa kuliko nilivyotarajia.

Ukiwa na siku ya ziada, endelea mpaka Mutukula, mpakani na Uganda. Mimi nilikwenda nikiwa na donge moyoni, nikakuta malori ya pande zote mbili kwenye foleni, dereva wa Uganda na wa Tanzania wanakula ndizi kwenye meza moja. Nikakumbuka kwamba Masaka na Mbarara zilibomolewa vibaya na majeshi yetu, kulipiza kisasi cha Kagera. Kule nako kuna bibi waliobaki na vitu vya watoto wao. Tafadhali, usimsimulie mwanao habari za shujaa wenu kwa namna itakayomfanya amchukie Mganda. Amani tuliyo nayo na jirani huyu ilinunuliwa kwa damu ya pande mbili, na nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sehemu ya damu hiyo ni ya nyumbani kwetu.

Wala usidhani mambo haya ni ya wazee tu. Desemba 7, 2017 askari wetu 14 wa kulinda amani waliuawa Semuliki, Kongo. Watoto wao bado wako shuleni. Kama unaishi jirani na mmoja wa wajane wale, mpelekee hata kilo ya sukari, ukae, umwache amtaje mumewe kwa jina. Watu huogopa kulitaja jina la marehemu wakidhani wanamtonesha mjane kidonda. Kwa niliowafahamu mimi, ukimya wa majirani ndio uliowauma zaidi.

Pale Kaboya niliomba ruhusa nimpigie baba simu. Nikamsomea jina la mdogo wake kama lilivyoandikwa. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. Kisha akauliza, "Kulia kwake amelala nani?" Nikasoma. "Na kushoto?" Nikasoma, nikasikia akimwambia mama alete kalamu.

Siku hizi Julai 25 ikifika, kabla ya kuwasha televisheni, baba anatoa karatasi ile na kusoma majina matatu.