Mashindano hayalipi kodi ya chumba

Mwaka wa kwanza nilipoanza kujiita mwandishi wa kujitegemea, niliingia mashindano kumi na moja. Sikuambulia hata moja. Mojawapo nilililipia elfu thelathini "ya usajili" kwa simu, na jina lililotokea kabla sijaingiza namba ya siri lilikuwa la mtu binafsi, wala halikufanana na la waandaaji. Nililiona vizuri kabisa. Nikaingiza namba ya siri hivyo hivyo. Baada ya wiki sita wakanitumia cheti cha ushiriki, jina langu la ukoo limekosewa herufi mbili. Ninacho mpaka leo kwenye simu, sijui namtunzia nani.

Tangu hapo silipi kushindana. Mashindano makubwa yanayopokea Kiswahili, yale ambayo nimewahi kupeleka kazi, hayajawahi kunidai kiingilio. Na yapo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilianza na riwaya na ushairi, na washindi wa msimu wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Wa kwanza milioni 10, wa pili 7, wa tatu 5. Ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, yenye zawadi za jumla ya dola 15,000, ambayo hupokea hata muswada ambao haujachapishwa. Na ipo tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo watu wengi ninaokutana nao hapa Dodoma wanadhani ni ya Kiingereza tu. Unatuma kwa Kiswahili chako hicho hicho, maneno 2,000 hadi 5,000. Mshindi wa kila kanda hupata pauni 2,500, na mshindi wa jumla 5,000. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Novemba.

Kuyajua haya si ujanja wangu. Nina daftari la kaunta, lenye ukurasa mmoja kwa kila mwezi. Nikisikia shindano, sikimbilii kuandika hadithi. Naenda kwanza kwenye tovuti ya mwandaaji mwenyewe, natafuta washindi wa mwaka uliopita. Kama hawapo, au wapo lakini hakuna kazi yao hata moja iliyoonekana popote, nafunga ukurasa. Kama wapo, naandika tarehe ya mwisho kwenye daftari, kisha naandika tena wiki tatu nyuma yake. Hiyo ya nyuma ndiyo tarehe yangu. Tangazo lililosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp silihesabu mpaka nilikute kwa mwenyewe, maana mengine ni ya miaka miwili nyuma na yanazunguka tu kama kumbikumbi wa taa.

Halafu vigezo na masharti. Visomwe mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Natafuta vitu viwili. Cha kwanza ni neno "haijachapishwa", kwa sababu ukishaiweka hadithi yako Facebook ili upate sifa za marafiki, waandaaji wengi watahesabu umeichapisha. Nimepoteza hadithi yangu nzuri kuliko zote kwa namna hiyo, kwa "hongera" arobaini na mbili. Cha pili ni hakimiliki. Mshindi kuwapa waandaaji ruhusa ya kuchapisha kazi yake ni sawa. Lakini nimekuta masharti yanayosema kazi zote zitakazotumwa, hata za walioshindwa, zitakuwa mali ya mwandaaji. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, haki za kazi yako unabaki nazo maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Uzitoe zote kwa kubofya "nakubali" kwenye fomu, ushindwe, na usirudishiwe kitu?

Hayo ndiyo mashindano. Sasa pesa.

Shindano likikukubali ni furaha, ila mwenye nyumba haulizi umeshika nafasi ya ngapi. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa hapa hapa Ugogoni na kuzipa ngonjera umaarufu nchi nzima, hakuishi kwa ngonjera. Alikuwa mtumishi wa serikali. Huwa namkumbuka kila nikisikia kijana anasema ameacha kazi ili asubiri matokeo ya tuzo.

Aliyeko Dodoma amekaa karibu na soko asiloliona. Tangu serikali ilipohamia kweli kweli, wizara ziko Mtumba, Bunge liko hapa, na mashirika yameleta ofisi zao. Ofisi hizo zote zinaandika, na nyingi zinaandika kwa Kiingereza kitu kinachotakiwa kusomwa na mkulima wa mtama wa Bahi au Mpwapwa. Vipeperushi, miongozo ya mafunzo, ripoti fupi, michezo ya redio, hotuba. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo Mei na Juni simu za haraka zinaanza: "Dada, tuna kitabu kidogo, tunakitaka Ijumaa." Mimi Mei siandiki riwaya. Nakaa karibu na simu.

Kazi ya kwanza ya aina hiyo niliipata kwa shirika fulani, kutafsiri kwa Kiswahili mwongozo wa vikundi vya wakulima.

"Unafanyaje kwa ukurasa?" kaka wa ofisini aliuliza.

"Elfu tano," nikasema, nikiona nimemkomoa.

Zikaja kurasa 38. Nikapeleka faili kwa mama wa steshenari pale Nkuhungu anichapie. Akachukua karatasi ya kwanza, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. "Mwanangu, hii ni kazi au ni Biblia?" Herufi ndogo kama punje za ulezi, safu mbili mbili, na majedwali. Nilipohesabu maneno yalikuwa kama 31,000. Kwa ukurasa wa kawaida wa maneno 250 ingekuwa kurasa 124, yaani 620,000. Nililipwa 190,000, wakakata kodi ya zuio asilimia 5, ikaingia 180,500. Wiki tatu za macho. Na kaka wa watu hakunidanganya, mimi ndiye niliyetaja ukurasa bila kuuliza ukurasa gani.

Siku hizi bei yangu ni kwa neno, tena maneno ya matini wanayonipa, ili tuyahesabu wote kabla sijaanza. Nusu kianzio. Marekebisho mara mbili yamo kwenye bei, ya tatu yanalipiwa. Naandika hayo kwenye barua pepe fupi na nasubiri waijibu, hata kama tumeshakubaliana kwa mdomo kwenye chai. TIN, ile namba ya mlipakodi, ninayo, maana ofisi nyingi haziwezi kukulipa bila hiyo, na kuanza kuihangaikia siku kazi imeshaisha ni kujichelewesha mwenyewe.

Wachapishaji vitabu nao ni soko, la taratibu. Nilipoanza nilikuwa naenda Maktaba ya Mkoa, nachukua vitabu vya watoto kwenye rafu, nafungua ukurasa ule ambao hakuna mtu anausoma, wenye jina la mchapishaji, mwaka na anwani. Nikanakili. Ndivyo nilivyojua nani bado anachapisha hadithi za aina yangu na nani alichapisha mara ya mwisho mimi nikiwa darasa la tano. Hapo pesa inakuja kwa mrabaha, asilimia ya mauzo, kwa hiyo usiipangie bajeti ya mwezi ujao. Magazeti sitasema mengi. Kwa shairi nililipwa heshima, kwa habari nililipwa nauli.

Majarida ya nje yanalipa vizuri zaidi, tatizo ni pesa kufika. Kwa miaka yote niliyojaribu, akaunti ya PayPal ya Tanzania imenisaidia kulipa tu, kupokea haikubali. Muulize mhariri njia ya malipo kabla hujasaini, siyo baada. Makala yangu moja ya dola 100 ilitumwa benki kwa benki, ikapita kwenye benki za kati huko njiani, kila moja ikaonja. Zilifika 72. Sasa naomba wakusanye makala mbili au tatu kwenye muamala mmoja.

Daftari la kaunta sasa hivi liko kwenye Oktoba. Vipeperushi vya shirika nilivikabidhi Jumatatu, na nusu ya pili ya malipo bado wanasema "iko kwa mhasibu". Katikati ya kusubiri nina hadithi ya Jumuiya ya Madola yenye maneno 5,340. Natakiwa kutoa 340 na nimeshatoa 128. Aya inayofuata ni ya msiba wa shangazi, ile ambayo kila niliyemsomea alinyamaza. Ina maneno 212 kamili, nimehesabu mara mbili.