Mjomba wa Kahawa Anajibu: Kisagio cha Mkono

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba kahawa ikisagwa dakika ileile unayoitengeneza inanukia mpaka jirani anakumbuka alikuwa na shida ya kukuona. Basi tangu hapo meseji ni kisagio, kisagio, kisagio. Nimechukua tano, zingine zinafanana sana mtanisamehe.

Shikamoo mjomba. Niko Mbezi. Nina bleda yenye kile kikombe kidogo cha kusagia viungo, nasagia kahawa humo miaka miwili sasa na inatoka tu. Mume wangu kaangalia video za watu wanazungusha kwa mkono anataka tununue, bei nilivyoisikia nikakaa chini. Kuna tofauti kweli au ni mbwembwe?

Marahaba mama. Mbwembwe zipo, sikatai, ila tofauti ipo pia na unaweza kuiona leo bila kutoa hata mia. Saga kahawa yako kwenye hiyo bleda kama kawaida halafu imwage kwenye sahani nyeupe uitandaze kwa kidole. Utaona vumbi kama kakao limekaa pamoja na mapande kama chenga za mchele. Kile kisu cha bleda hakisagi, kinakatakata, punje iliyokaa karibu nacho inakatwa mara kumi na iliyorukia juu ya kikombe haijaguswa. Sasa ukimwagia maji ya moto lile vumbi linatoa kila lilichonacho haraka mpaka uchungu, na yale mapande ndio kwanza yanaamka. Unakunywa kikombe kimoja kina uchungu na umajimaji kwa pamoja, unaongeza sukari, maisha yanaendelea.

Kisagio cha mkono kina meno mawili. Moja ni koni inayozunguka katikati, lingine ni duara limeizunguka limetulia. Punje inashuka, inavunjwa juu, inasagwa chini, na haitoki mpaka ienee kwenye mwanya uliopo kati ya hayo meno. Hela yako unanunulia huo mwanya mama, kwamba uwe sawa pande zote na usichezecheze. Kwa hiyo dukani usianze na rangi wala kimfuko wanachokuwekea, shika ile ekseli ya katikati uitikise kushoto kulia. Ikicheza kama usukani wa daladala la zamani rudisha, hata kama muuzaji anakwambia ndio zilivyo. Nzuri ina beringi mbili, moja juu moja chini, imetulia tuli.

Meno yapo ya chuma na yapo ya seramiki. Ya chuma ni makali zaidi, yanasaga haraka, gramu 15 unamaliza ndani ya dakika moja hivi. Ya seramiki hayashiki kutu ila yanachosha, na yakikutana na jiwe au yakianguka sakafuni yanamegeka. Mimi cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha seramiki, kina chupa ya kioo chini, kizuri mno ukipiga picha. Ukikiweka kwenye laini kinajitahidi, ukitaka chenga nene ile ekseli inaning'inia haina kitu cha kuishika chini, kinatema mawe na vumbi kwa pamoja kama bleda yako tu. Baada ya miezi kadhaa ile nati ya juu ikalika, mkono ukawa unazunguka peke yake na punje zimetulia zinaniangalia. Sasa hivi kinashikilia mlango wa stoo.

Kwa majina, wengi wanaoanza wanachukua Timemore C2, ina meno ya chuma ya milimita 38 na inabeba gramu 20 na ushee. Kuna pia Kingrinder na 1Zpresso, na juu kabisa huko Comandante C40 ya Wajerumani, ambayo mimi naiona ni ya mtu aliyemaliza kulipa ada. Na ukiwa Kariakoo usiulize "grenda" maana watakupeleka kwa mafundi wa mageti ukatoke na ile ya kukatia nondo. Sema mashine ya kusagia kahawa ya mkono, ya meno, sio ya kisu.

Hii nyingine sio ya swali ila inanifurahisha: wale Peugeot wa Pijo 504 tuliyokua tunaiona barabarani, walianza kutengeneza visagio vya kahawa mwaka 1840, gari halijaota hata kwenye ndoto zao. Mkono wa kuzungusha ulitangulia usukani.

Ila kama nyumbani kwenu kahawa ni ile ya kopo inayoyeyuka, Africafe na maziwa basi, msinunue chochote. Mwambie mumeo ni mimi niliyekataza.

Mjomba heshima yako. Bibi yangu wa Kibosho kanitumia kilo mbili za kahawa ya shambani kwake. Nimeweka kwenye kisagio kipya, mkono haugeuki, nikalazimisha ukapinda. Nimeuziwa feki? Niko Dodoma.

Mjukuu wa Kibosho, pole. Niambie kwanza hizo punje zina rangi gani. Kama ni za kijani kijivu hujauziwa feki, umesaga buni mbichi, na buni mbichi ni ngumu karibu na kokoto. Hakuna kisagio cha mkono cha nyumbani kinachotengenezwa kwa ajili hiyo.

Kama bado zina lile ganda jembamba la rangi ya karatasi, anza kwa kuzitwanga polepole kwenye kinu cha mbao ganda litoke, upepete kwenye ungo. Halafu mwaga kwenye sinia uchambue kama mchele wa mafungu, hapo nasisitiza, kahawa iliyoanikwa nyumbani huwa ina vijiwe na kijiwe kimoja kinatosha kumega jino la kisagio. Ukisaga ukasikia "krak" ya ajabu simama, rudisha mkono nyuma, mwaga, tafuta. Usilazimishe. Nadhani hili umeshalijua.

Kukaanga tumia chungu au sufuria zito, moto wa wastani, robo kilo tu kwa mara moja, na mkono wa kukorogea usipumzike. Zitakuwa manjano na kunukia kama nyasi zilizokauka, halafu kama mkate, halafu kahawia, na hapo katikati moshi unaanza kwa hiyo fungua madirisha mapema kabla mwenye nyumba hajapiga simu. Zikianza kupasuka kama bisi, pah, pah, umefika. Ukizitoa dakika moja mbili baada ya hapo inakuwa ya wastani. Ukingoja zing'ae mafuta inakuwa nyeusi ya uchungu, na watu wengi ndio wanaipenda hiyo siwagombezi. Mwaga kwenye ungo upepete zipoe haraka na makapi yaruke. Kilo ya mbichi itakupa kama gramu 850 hivi, usije ukamfikiria vibaya dada wa kazi.

Usisage siku hiyohiyo, ziache zipumue siku moja mbili kwenye kopo ambalo hujalikaza sana. Halafu jua kwamba kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu kusaga kuliko iliyokaangwa sana, kwa hiyo mkono ukiwa mzito hata baada ya kukaanga sio lazima kisagio kibovu. Huo uliopinda mpelekee fundi wa kuchomelea, anaunyoosha dakika mbili. Bibi msalimie, na akituma tena mwambie mjomba anapokea pia.

Assalaam aleykum ami. Kwetu Mombasa kahawa ni tungu, ya dele, yatiwa tangawizi, na babangu hutwanga kwa kinu tangu tukiwa wadogo. Ndugu yangu wa Muscat kaniletea kisagio cha mkono cha chuma. Sasa kinu nikiweke kando? Na iliki naweza kusagia mumo humo?

Waaleykum salaam wa rahmatullah mwanangu. Kinu usikiguse, yaani mwache mzee na kinu chake.

Kahawa tungu haina haja na usawa ninaousemea hapa siku nzima. Inachemka kwenye dele juu ya makaa mpaka imetoa yote, machicha yanatuama chini, wewe unamimina ya juu kwenye kikombe kidogo na kashata pembeni. Vumbi na chenga zote zinaishia kupikwa sawasawa, kwa hiyo tofauti ya kinu na kisagio cha bei mbaya hapo ni ndogo sana. Kitakachobadilika ni jasho la mzee. Ukitaka kumpumzisha kaza kisagio kwenye laini, kama unga wa sembe hivi, na saga kidogokidogo maana laini ndio inachosha zaidi.

Iliki usithubutu, wala karafuu, wala pilipili manga. Viungo vina mafuta yanayonata kwenye meno na hayatoki, mwaka mzima kila kahawa itanukia pilau. Tangawizi kavu ina nyuzinyuzi zinazojisokota kwenye ekseli. Hivyo vyote ni kazi ya kinu, umeona sasa kwa nini nimesema kisiwekwe kando.

Mjomba, mimi ni wa Nairobi, nimenunua C2 na frenchi presi, lile birika lenye chujio unalolisukuma chini. Kahawa ni AA ya Nyeri, sio ya kuokota. Lakini kikombe kinatoka tope na inakausha ulimi. Kliki ngapi ndio sawa? Kila mtu anasema yake.

Kila mtu anasema yake kwa sababu kila mtu anahesabu kuanzia anapojua yeye. Tuanze sifuri pamoja. Kisagio kikiwa kitupu, geuza ile rinki ya chini kuelekea kukaza mpaka mkono ukwame na meno yagusane. Usikaze kwa hasira, ikishagusa tu basi. Hapo ndio sifuri yako. Sasa legeza ukihesabu: tik, tik, tik, na utazisikia kwa kidole kabla ya sikio. Kwa C2, moka poti (kile kibirika kinachopandisha kahawa juu ya jiko) anza 14 hivi, V60 (ile koni ya kuchujia kwa karatasi) anza 21, frenchi presi anza 26. Ukitumia Comandante namba ni zingine kabisa, presi huko ni 30 hivi, kwa hiyo namba ya rafiki yako ina maana tu kama mna kisagio kimoja.

Tope lako linaniambia umesaga laini mno, labda uliacha kilivyotoka kwenye boksi. Weka 26, pima gramu 30 za kahawa kwa nusu lita ya maji, na mzani wa jikoni ule wa kupimia unga wa keki unatosha. Mwagia maji yaliyotoka kuchemka, koroga, subiri dakika 4, sukuma taratibu. Na usimimine mpaka tone la mwisho, lile la chini ndio tope lenyewe.

Onja. Ikiwa bado chungu na inakausha ulimi, ongeza kliki mbili kwenda nene. Ikiwa chachu nyembamba kama imechanganywa na maji ya limau, rudisha mbili kwenda laini. Badilisha kitu kimoja tu kwa siku, ukibadilisha kliki na maji na dakika kwa mpigo hutajua nani kaharibu. Ila AA nikwambie ukweli ni saizi ya punje, sio cheti cha utamu. Nimekunywa AB na hata zile za duara, PB, zilizoishinda kwa mbali. Muulize muuzaji zilikaangwa lini, hilo ndio swali la kumtoa jasho.

Fundi wa Mwanza hapa. Mjomba mikono inauma, naweza kufunga drili pale juu? Halafu mke wangu kakiosha na sabuni, kuna kitu?

Fundi, nilijua mmoja wenu atakuja na hili. Ukitoa mkono juu utakuta ncha ya ekseli ina pembe, na kichwa cha drili cha saizi yake kinaingia, watu wanafanya. Lakini drili haijui kijiwe. Mkono wako ukikutana na kijiwe unasita, drili inaendelea, na kama ndani kuna plastiki inapasuka ukiwa unatabasamu. Ukishindwa kabisa weka spidi ya chini kabisa na kahawa uwe umeichambua, kikivunjika usiniandikie.

Kabla ya drili jaribu hivi. Kaa chini, kibane kisagio kwenye paja, kilaze kidogo kisiwe wima kabisa ili punje zishuke chache chache, na mkono wa kushikilia ndio ufanye kazi nusu, yaani huu unazungusha hivi na huu unazungusha kinyume. Wengi wanaoumia wanazungusha kwa bega, wamesimama, wamekinyanyua hewani kama wanapiga manyanga.

Kuhusu sabuni, kama meno ni ya seramiki hana kosa, yakaushwe tu vizuri. Kama ni ya chuma kifungue leo, futa kila kitu kwa kitambaa kikavu, anika kivulini chenye upepo mpaka kesho, na angalia kama kuna alama ya kahawia kwenye makali. Ikiwepo sugua na mswaki mkavu, saga punje kiganja kimoja umwage, rudia mpaka itoke safi. Siku zote ni mswaki tu, au brashi ya rangi ile ndogo, kila wiki. Vumbi linalong'ang'ania kwenye kikopo cha chini na kuruka mezani unalimaliza kwa tone moja la maji: lowesha kijiko, kikung'ute, koroga punje nacho kabla ya kusaga. Tone moja fundi, sio kuziosha.