Konea iliyochongoka: je, tiba ya matone na mwanga itamwondolea miwani?

Mama, umeuliza kama kijana wako wa miaka 17 mwenye keratokonasi (ugonjwa wa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, kukonda na kuchongoka) ataacha miwani baada ya tiba ya matone na mwanga. Hapana. Tiba hiyo hukaza nyuzi za konea isizidi kuchongoka. Uoni uliopotea hairudishi, ingawa wengine hupata nafuu kidogo.

Kwa njia ya kawaida hutiwa ganzi ya matone, utando wa juu wa konea ukakwanguliwa kwa upana wa milimita 8 au 9, akawekewa matone ya riboflavini (vitamini B2) ya asilimia 0.1 kwa dakika 30, kisha akamulikwa mwanga wa urujuanimno dakika 30 nyingine. Uliza unene: konea isiyofika mikroni 400 (milimita 0.4) baada ya kukwanguliwa, mwanga unaweza kuunguza seli za ndani, na hizo hazioti tena. Kwa konea nyembamba hivyo, kuna riboflavini ya kuivimbisha kwanza.

Siku 2 au 3 za mwanzo zinauma kweli. Lenzi laini ya kufunika kidonda asiitoe mwenyewe. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudini siku hiyo hiyo. Huenda ni maambukizi. Na kufikicha macho kukome kabisa! Kama ni mzio unaomwasha, utibiwe kwanza.