Kigari cha kukodi getini hakimtoshi kila mtoto

Ukiwaambia ndugu na marafiki kwamba unampeleka mtoto mwenye mahitaji maalumu kwenye bustani kubwa ya burudani na unatafuta kigari cha kumsukuma, jiandae kwa swali moja: "Kwani hatembei?" Wangu anatembea. Akiamua, anakimbia hata. Ana usonji na misuli yake ni milegevu, na baada ya saa chache za kelele, jua na umati, miguu ile ile iliyokuwa ikinikimbiza inagoma. Anakaa chini popote alipo, na kuanzia hapo uzito wake wote ni wangu. Ndiyo maana kabla ya kukodi chochote mimi najiuliza jambo moja tu: saa ya mwisho ya siku, huyu mtoto atakuwa amekaa kwenye nini?

Jibu la swali hilo linanifanya nisitegemee vigari vinavyokodishwa na bustani zenyewe. Si kwamba ni vibaya. Mtoto mdogo, mwepesi, aliyechoka tu, vinamfaa kabisa. Pale Walt Disney World, Florida, kigari cha mtoto mmoja ni cha plastiki ngumu, mgongo wake haulazwi, na kimekusudiwa mtoto asiyezidi paundi 50, yaani kama kilo 23. Watoto wengi wa darasa la tatu wameshaupita uzito huo. Lakini hata kama wako hajaupita, kuna jambo ambalo matangazo hayalitilii mkazo: kigari hicho unakichukua ukishafika bustanini na unakiacha hapo hapo unapotoka. Magic Kingdom, bustani mojawapo ya Walt Disney World, ndiyo mfano mkali zaidi. Ukienda na gari unaegesha, unafika kwenye kituo cha usafiri, unavuka kwa kivuko au kwa treni ya reli moja, ndipo unaliona geti. Safari yote hiyo mtoto yuko kwa miguu au begani kwako. Usiku unairudia vivyo hivyo, yeye akiwa hana nguvu na wewe huna mgongo. Kwa mtoto anayevutwa na maji au anayechomoka mkononi ghafla, kile kipande cha njia kati ya maegesho na geti ndicho cha hatari, na ndicho kisicho na kigari.

Kwa hiyo ninakodi nje. Orlando, mji ulio karibu na Disney World, kuna kampuni nyingi zinazoleta vigari hotelini, na karibu na Disneyland ya California vilevile zipo. Ila kuwa mwangalifu na neno "kikubwa". Kampuni nyingi zitakuonyesha vigari vya kukimbilia vyenye magurudumu makubwa na kusema vinabeba mtoto mzito. Kubeba vinabeba, lakini kumshikilia ni jambo lingine. Uliza waziwazi kama wana vigari vilivyoundwa kwa watoto wenye ulemavu. Convaid na Adaptive Star ni majina utakayokutana nayo. Hivyo vina kiti kirefu, mahali pa kuweka miguu panaporefushwa na kufupishwa, na mikanda inayopita mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Mgongo unaolazwa na kiti kinachoinamishwa ni vitu viwili tofauti. Mgongo ukilazwa, pembe kati ya kiwiliwili na mapaja inafunguka. Mtoto aliyechoka anayetaka usingizi anafurahi. Lakini mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli yake hukakamaa anaweza kuanza kujinyoosha kama ubao na kuteleza mbele, mpaka mkanda wa kifuani umfikie shingoni. Kiti kinachoinamishwa chote kwa pamoja, makalio na mgongo vikiwa vimeshikana, kinamweka katika mkao ule ule, isipokuwa uzito wake unahamia mgongoni. Mtoto asiye na nguvu ya shingo naye anapumzika bila kichwa kudondoka mbele. Kama una mtaalamu wa fiziotherapia anayemjua mwanao, muulize hili tu: alazwe au ainamishwe? Jibu lake litakuokoa kuliko picha zote za mtandaoni.

Vipimo navyo usikisie. Mkalishe mtoto kwenye kiti kigumu, umpime upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka makalio hadi nyuma ya goti, kutoka goti hadi kisigino, na kutoka kiti hadi utosini. Andika na uzito wake. Vigari maalumu vingi huitwa kwa upana wa kiti kwa inchi, kwa hiyo kampuni ikikuuliza umri wa mtoto na kuishia hapo, ujue unaongea na mtu asiyejua anachokodisha. Urefu wa goti hadi kisigino ndio unaosahaulika zaidi, halafu siku nzima miguu inaning'inia na mtoto hatulii, kila mtu akidhani ni tabia.

Kivuli cha juu ni suala jingine ambalo sipunguzi hata chembe. Kwa mwanangu kigari ni chumba. Fataki zikianza, au gwaride likipita na spika zake, ananyoosha mkono mwenyewe, anashika ukingo wa turubai na kuuvuta hadi usawa wa pua. Kinachobaki nje ni viatu viwili vinavyogongana taratibu. Akishaanza kugonga viatu najua yuko sawa. Vikinyamaza ndipo nainama kuchungulia. Kivuli kifupi cha kigari cha kawaida hakimpi nafasi hiyo, hasa mtoto akiwa mrefu. Omba kinachoshuka mbali, na uombe plastiki ya mvua, maana majira ya joto mvua za alasiri za Florida hazibishi hodi. Vifungo vya chuma vikikaa juani vinaunguza. Vifunike kwa kitambaa kabla hujamwacha mtoto ashuke, na uviguse kwanza kabla hajarudi.

Kabla ya kulipa, pima pia kigari chenyewe. Tangu Mei 2019 bustani za Disney za Marekani haziruhusu kigari kinachozidi inchi 31 kwa upana na 52 kwa urefu wa mbele hadi nyuma, yaani sentimita 79 kwa 132, na mikokoteni ya kuvuta au kusukuma watoto imepigwa marufuku. Wazazi wengi wenye watoto wa usonji walikuwa wakiipenda mikokoteni hiyo, kwa hiyo bado utakuta watu wanakushauri uibebe. Usiibebe. Tangu wakati huo pia barafu ya vipande hairuhusiwi kwenye kiboksi, hivyo kama una dawa inayotaka ubaridi, tumia pakiti za kugandisha.

Sasa kuhusu foleni. Kwa kawaida kigari huachwa kwenye maegesho yake nje ya kila mchezo, na mtoto anaingia foleni kwa miguu. Kama mwanao anahitaji kukaa muda wote, pitia kwanza ofisi ya huduma kwa wageni karibu na geti na uombe lebo inayoruhusu kigari kitumike kama kiti cha magurudumu. Disney hawadai cheti cha daktari kwa hilo. Usianze na majina ya magonjwa, eleza kinachotokea. "Hawezi kusimama zaidi ya dakika kumi, na akiwa nje ya kigari chake kwenye msongamano anajigonga kichwa." Sentensi kama hiyo inaeleweka kuliko jina refu la Kilatini. Lebo inafungwa kwenye mshikio, na kuanzia hapo kigari kinaingia kila mahali kiti cha magurudumu kinaporuhusiwa. Ila karibu na kupanda utaombwa umhamishe, kwa hiyo mzoeze mapema kufunguliwa na kufungwa bila vita.

Lebo haifupishi foleni. Watu wanachanganya mambo haya mawili, kisha wanafika kwenye mchezo wakiwa na matarajio ya bure. Kwa mtoto asiyeweza kusubiri kwenye foleni ya kawaida, Disney ya Marekani ina Disability Access Service, maarufu kama DAS, iliyoanza Oktoba 2013. Mwaka 2024 masharti yalikazwa: sasa inalenga hasa wenye usonji na hali nyingine zinazofanana na hiyo za ukuaji, na unaweza kuombea nyumbani kwa mazungumzo ya video kabla ya safari. Fanya hivyo nyumbani. Bustani za Universal, ambazo si za Disney, hutumia kadi ya shirika liitwalo IBCCES, ambayo huombwa kwenye mtandao angalau saa 48 kabla ya kufika na hutaka hati za kuthibitisha mahitaji ya mtoto. Kigari na huduma hizi havitegemeani. Unaweza kuwa na kimoja bila kingine, au vyote.

Hata ukiwa na lebo, kuna wakati utaegesha. Wafanyakazi huvisogeza vigari ili njia iwe wazi, kwa hiyo usishtuke ukitoka na usikione ulipokiacha. Tazama mita chache kushoto na kulia kabla ya kupiga kelele. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mshikio. Dawa, hedifoni za kuzuia kelele na kifaa cha mawasiliano cha mtoto asiyeongea vikae mgongoni mwako siku zote. Mfuko wa nyuma wa kigari ni wa nepi na nguo za akiba.

Mtoto akishakuwa kijana mambo hubadilika. Kuna wanaopenda kigari mpaka miaka kumi na mitano, na kuna wanaoona haya wakiwa na minane. Anayeweza kuzungusha magurudumu mwenyewe mpe kiti cha magurudumu, hata kama kigari ni chepesi kwako. Bustani hukodisha viti hivyo pia, lakini vingi ni vya kimo cha mtu mzima, na mtoto mwembamba huelea ndani yake. Hapo tena kampuni ya nje ndiyo yenye saizi.

Unapopanga siku ya kuletewa, taka kigari kifike siku moja kabla ya kwenda bustanini, mtoto ale chakula ndani yake chumbani na akizoee. Uliza kama lazima uwepo kukipokea, maana baadhi ya hoteli hazipokei kwa niaba ya mgeni. Mbele ya aliyekileta, kikunje na ukifungue wewe mwenyewe, kanyaga breki ukiwa umekiweka mtelemkoni, piga picha za magurudumu, na uchukue namba ya simu inayopokelewa usiku. Ukija na chako kwa ndege, sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inayowalinda abiria wenye ulemavu inafanya kifaa cha mtoto kisilipiwe wala kuhesabiwa kama mzigo. Lakini toa kila kinachochomoka kabla ya kukikabidhi.

Halafu ile saa ya mwisho. Kwenye mabasi ya Disney World kigari lazima kikunjwe, kwa hiyo mtoto aliyelala itabidi aamshwe umebeba mifuko mkononi na umati umekusukuma. Kama hawezi kukaa kwenye kiti cha basi, muulize mkodishaji kama anacho kigari cha aina inayofungwa kwenye basi kama kiti cha magurudumu; si vyote vinavyofungika salama. Kama hakipo, sisi tuna njia mbili: tunaondoka kabla fataki hazijaisha, au tunatafuta kona yenye kiti, tunashusha turubai, na kungoja nusu saa hadi foleni ya basi ipungue. Kigari tulichokodi nje hakiturudishi mbio kwenye dawati la kukodi la bustani.